TAHADHARI: Wanauza "kazi za bandari" Mwembe Tayari

Vijana wa Mombasa, wa Likoni, Changamwe, Kisauni na kwengineko, na nyinyi wazazi mnaowachangia nauli: kuna watu wanauza kazi za bandarini ambazo hazipo. Wana chumba ghorofani upande wa Mwembe Tayari, mlangoni hamna hata kibao. Mpwa wangu ameliwa hapo. Siku aliyokwenda kudai chake nilifuatana naye, kwa hivyo mengine nimeyaona mwenyewe.

Unaanza kupata ujumbe wa WhatsApp: wanatakiwa makarani wa makontena, madereva, na vibarua wa Dongo Kundu, nafasi chache, wahi. Ukifika unapokewa vizuri mno. Jamaa ana adabu zake, anampa mama yako shikamoo, inshallah haimtoki mdomoni, na kila mara anapokea simu ya "mkurugenzi". Kisha zinaanza pesa. Elfu moja na mia tano ya kufungua faili. Baadaye elfu tatu ya daktari. Halafu buti na reflekta, halafu pasi ya getini. Hakuna mara moja utakayotajiwa kiasi cha kukushtua, na ukishatoa mbili tatu unaona uchungu kuziacha zipotee, basi unaongeza. Zote zinatumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwenye M-Pesa silo alilojitambulisha nalo. Risiti hupewi, unaandikwa kwenye daftari.

Cheti cha tabia njema walimtoza elfu nne. Cheti hicho cha polisi unakiomba mwenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole, basi!

Barua ya ajira nimeishika mkononi. Nembo imefifia kama iliyopigwa picha na simu mbovu, jina limejazwa kwa kalamu juu ya vinukta, na tarehe yake ukiitazama kwenye kalenda ni Jumapili. Pahali pa kuripoti pameandikwa "Getini, saa moja asubuhi". Geti lipi, na bandari ya Kilindini ina mageti kadhaa? Vijana walikwenda na buti zao mpya, askari akawaambia hata si wa kwanza.

Pesa ni jambo moja. Kilichonikera zaidi ni vyeti. Wanachukua cheti halisi cha kidato cha nne (KCSE) na kitambulisho "vikahakikiwe", na ukivitaka unaambiwa kuna ada ya kutoa faili. Vya mpwa wangu vilitoka baada ya mimi kupaza sauti ngazini hadi majirani wakafungua milango. Msichana tuliyemkuta pale alikuwa na mahojiano ya hoteli Nyali na cheti chake kiko kabatini mwao. Peleka kopi. Akitaka cheti halisi, akione mbele yako kisha ukirudishe mfukoni.

Mamlaka ya Bandari, KPA, hutangaza nafasi zake kwenye tovuti yake yenyewe. Na kwa wale wanaoahidiwa Saudia au Qatar, wakala lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha yao iko mtandaoni. Nilimwuliza jamaa wa chumba kile namba ya leseni. Akasema iko Nairobi.

Kama umetuma leo hii, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 ya Safaricom haraka uombe urejeshewe. Zikishatolewa, ni vigumu kuzipata. Usifute jumbe, hata zile za salamu. Nenda kituo cha polisi cha Central uandikishe, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Wapelelezi wa DCI wana laini ya bure, 0800 722 203, na si lazima utaje jina lako.

Wazee wenzangu, msiwasimange watoto hawa. Mpwa wangu alikaa siku nyingi bila kula vizuri wala kusema na mtu, akiogopa maneno ya nyumbani kuliko hasara yenyewe. Wengi hawaendi polisi kwa sababu hiyohiyo, na matapeli wanalijua hilo vizuri.

Chumba sasa kimefungwa. Lakini jana ujumbe uleule umeingia kwenye grupu ya mtaa, safari hii wanatafutwa wahudumu wa hoteli Diani, na faili bado ni elfu moja na mia tano. Mwenye kujua walikohamia aandike hapa chini.