Swichi ya siri ya kuzima gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Magari mengi ya zamani ya mtumba kutoka Japani huwaka kwa ufunguo usio na chipu. Mwizi akishavunja swichi ya ufunguo, hakuna kinachomzuia kuondoka. Swichi ya siri inamzuia kwa gharama ndogo, ila mafundi wanaifunga kwa namna tofauti, na nyingine zinamhatarisha dereva kuliko mwizi. Nimezipanga kwa swali moja: swichi hii ikifa ghafla ukiwa barabarani, itakuwaje?

1. Kukata stata, mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha (kwa gari la otomatiki)

Swichi inakaa kwenye waya mwembamba unaoamrisha relei ya stata (relei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo). Usiguse ule waya mnene wa betri, unaobeba zaidi ya ampea 100. Ukiizima, taa za dashibodi zinawaka lakini injini haizunguki. Naipa nafasi ya kwanza kwa sababu injini ikishawaka, swichi haina kazi tena. Hata ikifa ukiwa katikati ya mlima Kitonga na lori nyuma yako, gari linaendelea kutembea. Na otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. Udhaifu wake upo kwenye boneti: mwizi anayejua umeme anaweza kuunganisha stata moja kwa moja, kwa hiyo ongeza kufuli ya usukani.

2. Kukata pampu ya mafuta (kwa gari la manyuo)

Manyuo husukumwa likawaka, kwa hiyo kukata stata hakutoshi. Hapa unakata waya wa koili ya relei ya pampu. Gari litawaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye paipu, kisha litazima baada ya muda mfupi, na mwizi atadhani ni bovu. Dizeli za zamani zenye solenoidi (vali ya umeme inayoruhusu mafuta kupita) kwenye pampu hukatwa waya wa solenoidi hiyo.

Lakini kuwa makini sana na ufungaji. Waya ukilegea ukiwa kwenye mwendo mkali, injini inazima, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki laini kwa kukanyaga mara chache tu, kisha zinakuwa ngumu. Usikubali waya zisokotwe na kufungwa tepu. Zilehemiwe, kisha zifunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Fundi akiweka relei mpya, iwe ya ampea 30 au 40, na waya wa pini yenye namba 30, unaoleta umeme wa betri, upite kwenye fyuzi.

3. Kifaa cha GPS chenye relei

Unazima gari kwa simu. Kinahitaji laini yenye salio na mtandao unaoshika, na kinaweza kuzibwa mawimbi. Muulize muuzaji: kikipokea amri wakati gari liko kasi, kinasubiri mwendo upungue? Akibabaika, nenda duka jingine. Kama nyongeza kinafaa sana, maana kinakuonyesha gari liliko.

4. Kikata betri cha kwenye kichwa cha betri

Kwa wizi, usikinunue. Kila ukikata, saa na redio vinasahau, na kompyuta ya injini inapoteza ilichojifunza. Tena kipo chini ya boneti, mahali ambapo mwizi atatazama. Kinafaa gari linalolala miezi.

Ukifika kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), soma maandishi ya swichi yenyewe. Ile iliyoandikwa 250V AC pekee ni ya umeme wa nyumbani. Tafuta iliyoandikwa 12V DC pamoja na ampea zake. Usiifiche chini ya usukani, ndipo kila mtu anapopapasa kwanza. Nyaya zenye plagi au ala ya njano kwa kawaida ni za eabegi, zisiguswe kabisa. Fundi awe mmoja unayemjua, asiwepo kijana wa kumsaidia siku hiyo.

Kabla ya kulipa, zima swichi ujaribu kuwasha mwenyewe. Kisha iwashe, uliendeshe gari kwenye barabara ya matuta, urudi ukaguse viungo vyote kwa mkono. Kiungo chenye joto kirudiwe hapohapo.