Rafu ya Rhône katika duka la mvinyo Kololo
Duka ni dogo, lakini rafu ya mvinyo wa Rhône, bonde la Ufaransa, imejaa na muuzaji anaijua vizuri. Crozes-Hermitage nyekundu inatoka kaskazini mwa bonde, ambako zabibu nyekundu ni Syrah. Inanukia pilipili manga na moshi kidogo, kavu, haibembelezi mtu. Kwa muchomo wa mbuzi sitaki nyingine. Gigondas ya kusini, kwenye jua kali, hutawaliwa na zabibu za Grenache: nzito, yenye ladha ya matunda mekundu yaliyoiva, na inapanda kichwani upesi. Shemeji yangu anaipenda hiyo, shauri yake. Condrieu nyeupe, ya zabibu za Viognier, inanukia maua na aprikoti, bei inauma. Chupa za dirishani zinapigwa na jua, kwa hiyo omba za ndani.