Sufu ipi ununue: mpangilio wangu kwa msokotaji wa nyumbani Uganda

Kondoo wengi tulio nao Uganda, wale wa mkia wenye mafuta, wana nywele, hawana sufu. Hata Dorper, ambaye wafugaji wanamkimbilia kwa ajili ya nyama, manyoya yake hupukutika na hayafai kusokotwa. Ndiyo maana mimi niliye Mbale hutafuta sufu yangu ng'ambo ya mipaka ya Suam na Malaba, kwa wafugaji wa nyanda za juu za Kenya. Huuzwa kwa gunia, na kwenye gunia ndiko pesa zinakopotelea.

Sufu ghafi hubeba mafuta ya kondoo, jasho, vumbi na samadi. Ukishaiosha, kilo moja mara nyingi hubaki gramu 500 hadi 700. Ikiwa kilo ni shilingi 12,000 na inayobaki ni nusu, umelipa 24,000 kwa kilo ya sufu safi. Tena sufu hunyonya unyevu karibu thuluthi ya uzito wake kabla mkono haujahisi kwamba imelowa. Usikubali kupimiwa siku ya mvua.

Ya kwanza kwangu, bila kusita, ni sufu ghafi ya Corriedale iliyokwisha kuchambuliwa. Kondoo huyu alizalishwa kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na unyuzi wake una unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 25 hadi 31 hivi: laini ya kutosha kwa shali, mrefu wa kutosha kwa mkono unaojifunza, na hushikamana vizuri ukitengeneza felti, yaani kitambaa cha sufu iliyoshindiliwa bila kufumwa. Mwombe muuzaji aondoe sehemu za tumbo, miguu na mkia kabla ya kuweka kwenye mizani. Kisha chomoa kishungi kimoja, kishike ncha zote mbili, ukivute kwa nguvu karibu na sikio. Kikilia "ta" na kukatika, kondoo aliugua au alikosa malisho wakati sehemu hiyo ikiota, na sufu hiyo itavunjikavunjika kwenye brashi ya kuichania. Iache hata kama ni ya bei rahisi.

Kuiosha si kazi ngumu, ila inataka subira. Tia sufu kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, uizamishe kwenye maji ya joto la nyuzi 60 za Selsiasi yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, uiache dakika 20. Itoe kabla maji hayajapoa, maana mafuta yaliyoyeyuka huganda tena juu ya sufu. Suuza kwa maji ya joto lile lile, anika kivulini. Magadi huidhoofisha, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huiyeyusha kabisa. Wala usiikoroge. Mimi niliwahi kuikoroga kama blanketi, nikamwagia maji baridi, na manyoya ya kondoo mzima yakawa bonge moja. Iliniuma sana. Kuchania, kama huna vitana vyenyewe, brashi mbili za waya za kuchania mbwa zinatosha.

Ya pili ni sweta za mitumba, kwa felti tu. Pale soko la Owino, Kampala, utazipata ukiwa mvumilivu. Tafuta lebo ya sufu asilimia 100, halafu ukishainunua choma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni, akriliki huyeyuka ikawa punje ngumu. Sweta iliyoandikwa kwamba inafuliwa kwa mashine huwa imetiwa dawa isijikunyate, kwa hiyo haitashikamana.

Ya tatu, sufu iliyooshwa na kuchanwa kutoka nje. Ni safi, ni ghali. Inamfaa anayetaka kusokota leo leo.

Ya nne ni Merino ghafi. Najua jina lake linavuta, lakini ina mafuta mengi, na nyuzi zake za chini ya mikroni 24 hujifunga vinundu kwenye brashi za waya. Isubiri mpaka mkono uzoee.

Usiyopaswa kununua kwa bei yoyote ni sufu iliyotolewa kwenye kondoo aliyejifia. Vijidudu vya ugonjwa wa kimeta hukaa kwenye manyoya muda mrefu, na mwaka 2018 kule wilaya ya Kween watu waliugua baada ya kushika na kula mizoga. Muulize muuzaji kondoo yuko wapi sasa. Akisita kujibu, usifungue hata gunia lenyewe.