Ping G425 Max ya mtumba: draiva iliyonitoa kwenye kupiga kwa hasira

Miezi minne sasa natembea na hii draiva, ile fimbo ya gofu ya kupigia mpira mbali, kwenye begi, G425 Max ya digrii 10.5 (ndio mwinamo wa uso wake), nimeichukua mtumba kwa jamaa hapa Nairobi shilingi 32,000 pamoja na kofia yake na kile kifunguo cha kurekebishia, na kwa vile kila Jumamosi kuna mtu ananiuliza kama nimeongeza yadi, yaani kama mpira unaenda mbali zaidi, wacha niandike hapa mara moja.

Yadi sijaongeza sana. Mpira wangu mzuri wa zamani ulikuwa unaenda 230, wa sasa 235 hivi, hizo 5 hata upepo unakupa. Kilichobadilika ni ule mpira mbaya. Draiva niliyokuwa nayo kabla ilikuwa ya digrii 9, duka fulani waliniambia ni ya watu wa nguvu nami nikaamini, basi ukiukosa katikati kidogo tu mpira unakata kulia unaingia mitini na hapo umeshaanza kuhesabu adhabu. Hii hata nikikosea inafika 215 na naukuta mpira kwenye nyasi fupi. Kichwa chake kina ujazo wa sentimita 460 za ujazo (cc), ndio mwisho wa sheria, na kwa nyuma kuna uzito wa gramu 26 unaousogeza sehemu 3, mimi nimeuweka upande wa kuzuia kukata kulia na sijaugusa tena.

Lakini kilichonifungua macho ni kedi wangu, mzee aliyeanza kubeba mabegi kabla sijazaliwa. Siku moja kwenye renji, uwanja wa mazoezi, akapaka poda ya miguu usoni mwa draiva, akasema bosi, piga kwa nguvu zako zote. Nikapiga mipira 5. Tukaangalia ile poda, alama zimetapakaa, tatu huko kwenye ncha, moja chini kabisa, moja karibu na shingo. Akafuta kwa taulo, akapaka tena, sasa piga kama unamrushia mtoto mpira. Alama 5 zikakaa katikati zimelaliana, eneo lote halizidi sarafu ya shilingi 20, na mipira ilienda mbali kuliko ile ya kwanza! Mzee akasema tu, nguvu unazo bosi, ila unazimwaga.

Najua mtaniletea DeChambeau, yule Mmarekani anayepiga kwa nguvu, kwamba 2020 pale uwanja wa Winged Foot alitwanga draiva siku zote akachukua mashindano ya US Open akiwa peke yake chini ya pa, ile idadi ya mapigo uwanja unayotarajia. Sawa, ila zile roughu, nyasi ndefu za pembeni, alitoka kwa wedji, fimbo fupi ya kunyanyulia mpira, na pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) iliyotulia sana, hiyo sehemu watu huwa hawaisemi. Na Zach Johnson, Mmarekani mwingine, 2007 alichukua mashindano ya Masters bila kujaribu hata mara moja kufika grini (zile nyasi laini zenye shimo) ya pa 5 kwa mapigo mawili, alikuwa anaweka mpira mahali anapopapenda halafu anamalizia kwa wedji, na hizo pa 5 akazicheza 11 chini. Mimi nikiangalia kadi zangu nimeshuka hendikapu, yale mapigo ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake, kutoka 18 hadi 15 na hizo 3 karibu zote zimetoka kwa mipira ambayo haikupotea.

Kitu kingine, msinunue draiva kwa namba za renji ya Nairobi. Huku tuko juu, hewa nyepesi, mpira unapaa vizuri. Nilishuka Nyali, kule Mombasa baharini, mwezi uliopita ile 235 yangu ikawa 220 na nilikuwa nimeupiga safi kabisa.

Ukiitafuta mtumba angalia namba ya kiwandani (serial) kwenye shingo, zungusha kichwa chake usikie kama kuna kitu kinalialia ndani, na gripu ikiwa imeisha omba upunguziwe. Kama swingi yako ni ya polepole chukua ya digrii 12, achana na 9 hata wakikusifia vipi. Na hela ikibaki tafuta wedji ya digrii 56.