Uzoefu wangu: milango ya mninga iliyokatwa chini ili itoshe

Fundi wa karakana tuliyoiagizia milango saba ya ndani, kwa nyumba mpya huku Goba, Dar es Salaam, alikuja kuifunga akiwa na msumeno wa umeme begani. Akailaza juu ya vigae, akaanza kuikata chini mmoja baada ya mwingine: huu sentimita nne, ule tano. Nilipomzuia akasema, "Dada, mlango wa mbao lazima ukatwe, hii kazi niachie mimi." Si kweli hata kidogo. Mlango hupunguzwa kwa randa, milimita mbili tatu, ili ukae sawa kwenye fremu yake. Ukiona unakatwa sentimita tano, ujue aliyepima hakujua anapima nini.

Walipopima, sakafu ilikuwa bado jamvi tupu, yaani zege lisilo na plasta wala vigae. Hilo halina ubaya, maana fremu husimikwa mapema, kabla ya plasta. Ubaya ni kuweka futi kamba juu ya jamvi na kuandika vipimo kana kwamba hapo ndipo watu watakapokanyaga. Juu ya jamvi inakuja plasta ya sakafu, sentimita tatu hadi nne, halafu gundi na kigae, sentimita moja na ushee. Nafasi ya futi saba imekwisha kuliwa karibu sentimita tano kabla mlango haujarandwa. Na haya hawakuyakosa kwa kutoambiwa. Mstari ulikuwa umechorwa kwenye kuta zote kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, mita moja kamili juu ya sakafu itakapokuwa imekamilika, na kwenye karatasi ya oda imeandikwa: pimeni kutoka kwenye mstari. Ndiyo kazi ya mstari huo. Jamvi likizama kona moja na kuinuka kona nyingine, vichwa vya fremu vyote bado vinabaki usawa mmoja. Waliuona, wakaupita.

Anayedhani kukata chini ni jambo dogo hajui mlango wa paneli, yaani wa vibao vilivyozungukwa na mbao za wima na za mlalo, unavyoshikana. Mbao ya mlalo ya chini ina ulimi unaoingia kwenye tundu la mbao za wima, na fundi makini huacha kama sentimita nne au tano za mbao nzima chini ya tundu hilo. Kipande hicho ndicho kinachoufunga ulimi usichomoke. Ukikikata, tundu linabaki mdomo wazi na ulimi unashikiliwa na gundi peke yake. Mlango ukibamizwa na upepo mara kwa mara, kona inalegea, upande wa kitasa unashuka na kuanza kukwaruza kigae. Halafu zile ncha za mbao zilizofunguliwa hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlango. Sakafu zetu zinapigwa deki kila siku. Vanishi itababuka kuanzia chini, weusi utapanda, na masika mlango utavimba mpaka uukokote kwa mguu. Fundi alikata akaondoka, hakupaka ncha hata tone la vanishi! Ukingo wa chini na wa juu hupakwa kabla ya mlango kupanda kwenye bawaba, kwa sababu ukishafungwa huwezi tena kufika kule chini.

Niwape haki yao hata hivyo. Mbao ni nzuri. Ni mninga kweli, si mti mwingine uliopakwa rangi, na ni mkavu: kipima unyevu kilisoma chini ya asilimia 14, na kwa hewa ya Dar hicho ni kipimo cha kuridhisha. Paneli zimeachwa zicheze kwenye mifereji yake bila gundi wala msumari, jambo ambalo karakana nyingi hazilijali, ndiyo maana unaona milango mipya imepasuka katikati kiangazi cha kwanza tu. Bawaba ni tatu kwa kila mlango, za inchi nne, zimefungwa kwa skrubu. Kwa useremala peke yake ningewapa nyota nne bila kusita.

Lakini njoo kwenye milango ya vyoo. Karatasi ya oda ilionyesha kila mlango na chumba chake, upana, urefu, unene, upande wa bawaba, unafungukia wapi, na nafasi ya chini. Vyumba vya kulala milimita nane hadi kumi zinatosha, pembeni milimita tatu. Choo na bafu vinahitaji sentimita moja na nusu hadi mbili ili hewa ipite, la sivyo unyevu unabaki ndani na mlango unaoza kabla ya wakati. Wao wameacha nafasi ileile nyumba nzima. Na milango yote miwili ya vyoo bawaba zimewekwa upande usio wake, kwa hiyo ukifungua, mlango unaifunika swichi ya taa. Fundi umeme alipitisha mabomba yake ukutani kwa kufuata mchoro uleule waliopewa wao. Kuhamisha swichi sasa ni kuchimba ukuta uliokwisha pakwa rangi.

Nikampigia msimamizi wao simu. Jibu lake: "Dada yangu, nyumba yako ndiyo imepinda, milango yangu haina tatizo. Wewe mbao unazijulia wapi?" Fremu walizisimika wao wenyewe! Kama zimepinda, zimepindia mikononi mwao. Na wala hazijapinda: timazi ilishushwa kwenye kila fremu, pembe zikapimwa mshazari, tofauti haifiki milimita tatu. Mwenye kosa ni yule aliyeshika futi kamba, na msimamizi analijua hilo, ndiyo maana alikimbilia kunidharau badala ya kuja kuangalia.

Nilikuwa nimewaandikia nyota tatu kwa heshima ya mninga. Nimezifuta, nimewaachia moja. Mbao bora mikononi mwa mtu asiyesoma karatasi ya oda ni hasara kubwa kuliko mbao hafifu, kwa kuwa mninga ni ghali na ukishakatwa haurudi. Bora fundi wa mtaani kule Keko anayekuuliza kwanza, "Vigae vimeshawekwa?" kabla hajatoa futi mfukoni.

Malipo ya mwisho hawajapata. Milango ya vyoo imerudi kwao, itengenezwe upya kwa bawaba upande ulioandikwa. Mitano ya vyumba inatakiwa mbao mpya za chini, ulimi mzima, na vanishi kwenye kingo zote kabla ya kufungwa. Wakikataa, asilimia 30 iliyobaki itamlipa fundi mwingine.