Luma: kwa wanaotaka kuita watu wenyewe badala ya kusubiri waalikwe

Kama we ni mtu wa kuzunguka kwenye makongamano ukigawa kadi halafu unarudi na rundo la namba za watu ambao hata sura zao huzikumbuki, achana nayo kwanza, ita watu wako mwenyewe. Na ukiniuliza utumie apu gani kupanga, mi nakwambia Luma.

Kutengeneza ukurasa ni fasta, unaweka siku, saa, mahali, unapata linki unatuma. Hilo apu nyingi zinafanya. Kilichonifanya nibaki hapa ni yale maswali ya kujiandikisha, unatunga mwenyewe na mgeni anayajibu ndo anaingia kwenye orodha. Mi huwa nauliza mawili tu: sa hivi unahangaika na nini kazini, na kitu gani unakijua vizuri unaweza kumsaidia nacho mwenzako. Usiku wa kuamkia kikao nakaa nasoma majibu moja moja. Mtu kaandika anatafuta mhasibu anayeelewa biashara changa, mwingine kaandika ni mhasibu, kaacha ajira juzi, anatafuta wateja wake mwenyewe, sasa hapo unasubiri nini? Wakifika tu nawakutanisha kabla hata hawajakaa, kila mmoja namwambia kwa nini namtambulisha kwa mwenzake, halafu naondoka nawaacha waongee. Mwenyeji anajenga jina hapo, ukumbi mzuri haumsaidii sana.

Kingine ni kwamba unaweza kuweka kila anayejiandikisha asubiri umkubali kwanza, na unaweka kikomo cha watu, wakijaa waliobaki wanaingia orodha ya kusubiri. Msidharau hicho kikomo jamani! Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alipoanzisha kikundi chake cha majadiliano kilichoitwa Junto kule Philadelphia mwaka 1727 walijiwekea wasizidi watu 12, wakawa wanakutana Ijumaa jioni, na ni watu wa humo humo ndo mwaka 1731 walianzisha maktaba ya kuchangia, yaani wanachama wanachanga hela za kununua vitabu. Watu 12 wanaweza kuongea jambo moja pamoja, wakifika 30 wanagawanyika na kila mtu anarudi kwa yule anayemjua tayari.

Kwa kikao cha bure hulipi kitu, ila bure hiyo hiyo inafanya watu wajiandikishe bila kuwaza. Luma inatuma imeli za kuwakumbusha yenyewe, lakini we piga simu pia siku moja kabla, simu ya dakika moja tu, mtu akisikia sauti yako anaona aibu kukuangusha.

Halafu angalia ile sehemu ya kuonyesha orodha ya wageni. Kama kati ya unaowaita kuna wanaotafuta kazi kimya kimya, ifiche kabla hujatuma linki, maana bosi wake akifungua ule ukurasa akaona jina lake umeshamharibia.