Simu isiyo na waya, niliyoisoma kwa kidole gumba

Mimi ni opereta wa simu katika hoteli moja huku Diani. Sioni tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kazi nilijifunza katika chuo cha ufundi cha wasioona kule Machakos, na tangu hapo riziki yangu imepita kwenye ncha za vidole. Miaka yote nimetumia simu ya mezani ya kawaida, ile nzito yenye waya uliojisokota. Mwaka jana fundi wetu akaniletea isiyo na waya.

"Mama, hii utatembea nayo hadi jikoni," akaniambia, akanipa mkononi.

Nimeishi nayo mwaka mzima sasa, zamu za mchana na za usiku. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu ninachotaka kueleza ni mpangilio wa vitufe, na mpangilio huu utaukuta kwenye simu nyingi za aina hii, tofauti ikiwa ndogo tu.

Ukiushika mkono wa simu, kidole gumba kinatua kwanza kwenye kioo. Kwangu kioo kina faida moja, ni laini, basi najua upande wa juu ni upi. Chini yake kuna vitufe viwili vyembamba vya menyu, kimoja kila upande. Hivi sivitumii. Kazi yake hubadilika kufuatana na maandishi yaliyo juu yake, na hakuna sauti inayoyasoma. Katikati kuna kitufe cha mviringo kinachobonyea pande nne. Kushoto kwake ni cha kijani cha kupokea, kulia ni chekundu cha kukata. Hizo rangi naambiwa. Kwa kidole vitufe hivyo viwili ni mapacha, urefu sawa, umbo sawa, na kinachonisaidia kuvitofautisha ni upande tu. Ukiichukua simu gizani ikiwa imepinduka, au ukiiokota mezani haraka, utakata simu uliyotaka kuipokea. Tena hicho chekundu ukikibonyeza kwa muda mrefu kidogo, simu yote inazimika. Wiki ya kwanza niliizima hivyo bila kujua, nikakaa karibu nusu saa nikishangaa wageni wote wamelala mapema.

Sasa tarakimu. Hapa simu hii imetengenezwa na mtu aliyefikiri. Vitufe kumi na viwili vimepangwa safu nne, vitatu vitatu, na kati ya kimoja na kingine kuna nafasi ambayo ncha ya kidole inaisikia. Kila kitufe kimetuna kidogo katikati, hakijalala sawa na ganda la simu. Ukibonyeza kinashuka kisha kinagota, kwa hiyo unajua umebonyeza hata kabla sikio halijakuambia. Ni vya mpira mgumu, si plastiki inayoteleza, jambo ambalo mtu wa bara huenda asilione kubwa, lakini huku pwani mwezi wa Machi vidole vina jasho kutwa nzima.

Na juu ya tano kuna kinundu. Hicho ndicho mlango wa nyumba. Kidole gumba kikishakipata, mbili iko juu yake, nane chini, nne kushoto, sita kulia, na pembeni ni moja, tatu, saba na tisa. Sifuri iko chini ya nane, nyota kushoto kwake, alama ya reli kulia. Kinundu cha simu yangu kimeinuka vya kutosha na kina ncha, hakijafutika kwa mwaka mzima. Nimeshika simu nyingine ambazo kinundu chake ni kama chembe ya vumbi, unakitafuta mpaka anayepiga anakata tamaa.

Lakini kinundu hakisemi yote. Mezani kwangu nina kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, na upande wa kulia wa kibodi yake kuna tarakimu zilizopangwa kinyume na za simu. Kwenye kompyuta na kikokotoo, saba, nane na tisa ziko juu. Kwenye simu, juu ni moja, mbili na tatu. Mpangilio huu wa simu ulitokana na majaribio ya maabara za Bell, kampuni ya simu huko Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1960, na simu za vitufe zikaanza kuuzwa kwa wateja huko mwaka 1963. Kibodi na simu, zote mbili zina tano katikati, na zote mbili zina kinundu juu ya tano. Kwa hiyo kidole kikitoka kwenye kibodi kikaja kwenye simu, kinundu kinakikaribisha kwa uchangamfu uleule na hakimwambii mtu amebadilisha nyumba. Nilitaka chumba 214, nikapiga 874, namba ambayo hotelini kwetu haipo. Siku hizi kabla ya kupiga napitisha kidole juu ya kioo kwanza. Kile kioo nilichokidharau kina kazi hiyo moja, kunikumbusha niko kwenye simu.

Kinga yangu nyingine ni sikio, na hapa naomba mwenzangu asiyeona anisikilize vizuri. Kila tarakimu ya simu ina mlio wake, na mlio huo ni sauti mbili zinazolia pamoja, moja ya safu ya kulala na nyingine ya safu ya kusimama. Tano ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 770 pamoja na 1336. Mbili ni 697 na ileile 1336. Opereta wa siku nyingi hazihesabu, anazisikia tu kama mtu anavyomjua mtoto wake kwa kikohozi. Nikikosea tarakimu, sikio linashtuka kabla sijamaliza namba.

Simu isiyo na waya ina mtego hapo. Ukiandika namba kwanza ndipo ubonyeze kijani, kama tunavyofanya kwenye simu za mkononi, hii yangu inatoa "pip" ileile kwa kila kitufe. Tano ni pip, tisa ni pip. Sikio halipati kitu. Ukibonyeza kijani kwanza, ukasubiri mlio wa laini, kisha ukapiga tarakimu, unapata milio ya kweli, kila moja kwa sauti yake. Hakuna aliyenieleza. Niligundua mwenyewe mwezi wa pili, na tangu siku hiyo makosa yangu yamepungua mno.

Sasa kasoro iliyoniudhi kweli, safu ya mwisho. Chini ya nyota, sifuri na reli, waliotengeneza wameongeza safu ya tano: kushoto R ya kuhamisha simu, katikati spika, kulia kitufe cha kuita mkono mwingine. Vitufe hivi vina umbo na ukubwa sawa kabisa na tarakimu, na nafasi kati yake na sifuri ni ileile. Mtu anayeona ataona rangi tofauti. Mimi nikihesabu kutoka kwenye kinundu kwa haraka, nane, sifuri, nazidisha kimoja, naangukia spika. Siku moja mgeni alikuwa akinieleza habari ya ugonjwa wake, anataka daktari, na sauti yake ikatoka mapokezi mbele ya watu wote. Niliona aibu kwa niaba yake. Mambo ya mtu hayafai kumwagwa hivyo kwa sababu ya kitufe kilichowekwa pasipo nafasi.

Dawa niliipata kwa dada wa saluni ya hoteli. Alinidondoshea tone la rangi ya kucha juu ya spika, likakauka, akaongeza la pili juu yake. Juu ya R akaweka matone mawili yaliyoachana. Sasa kidole kinajua. Rangi hulika, kila baada ya miezi mitatu hivi anarudia. Kwenye kijani aliweka mstari mfupi, mapacha wakaachana.

Kitako cha simu, kile kinachokaa mezani na kuichaji, nakipenda. Kina kitufe kimoja tu, kikubwa, na ukikibonyeza mkono wa simu unalia popote ulipo. Simu yenye waya haipotei, hii hupotea kila siku, na mimi siwezi kutupa jicho chumbani nikaiona kwenye kochi. Kitako hicho pia kina mfereji unaouongoza mkono wa simu ukae sawa, na ukikaa unasikia mlio wa kuanza kuchaji. Usiposikia, haijakaa. Betri zake ni mbili ndogo za kuchajiwa. Za kawaida za dukani zisitiwe humo, kwa sababu kitako kitajaribu kuzichaji.

Umeme ukikatika, kitako kinazima na simu inakufa, hata kama betri zimejaa. Ile ya zamani yenye waya hupata nguvu yake kwenye laini, na swichibodi yetu, mtambo unaounganisha simu za hoteli, ina betri ya akiba. Kwa hiyo fundi alipotaka kuiondoa nilimkatalia. Iko chini ya meza, mkono wangu wa kushoto unaifikia.

Kwa jumla mimi nimeridhika nayo kuliko nilivyotarajia, na sitaki kurudi kufungwa na waya kutwa. Tarakimu zake ningezisifu mbele ya yeyote; safu ile ya mwisho ningependa aliyeibuni afumbe macho apige simu mara hamsini.

Juzi fundi amesema hoteli inanunua mikono mingine miwili, mmoja wa jikoni, mmoja wa zamu ya usiku, na dukani kuna aina mpya iliyo nyembamba zaidi. Nimemwomba kabla hajalipa anipeleke hukohuko dukani, waitoe kwenye boksi niishike. Nitatafuta kinundu, nitashuka hadi sifuri, kisha nitashuka tena nisikie kuna nini chini yake.